Kabla ya kuuza mtamba ili mtoto apate kompyuta

Barua ya kuitwa chuoni imefika. Mama amepiga vigelegele, majirani wamekaribishwa chai, na sasa kijana wako anakuja polepole hadi ulipoketi, anakuna kichwa na kusema: "Baba, wenzangu wote watakuwa na laptopu."

Hapo ndipo furaha inapoanza kuchanganyika na hesabu.

Wewe mzazi wa Uasin Gishu unaijua kalenda ya shamba lako. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, na huanza kuvunwa Oktoba. Vyuo navyo, aghalabu, huwapokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba, wakati mahindi yangali shambani na ghala ni tupu. Ndiyo maana majira hayo ng'ombe hupelekwa mnadani ilhali hawajazeeka wala hawana kasoro. Kosa lao ni kuwa zizini mwaka ambao mtoto wa nyumba hiyo amefaulu.

Ninaandika makala haya nikiwa na deni moyoni. Mwaka 2018 ndugu yangu mdogo aliitwa Chuo Kikuu cha Moi kusomea ualimu. Baba aliuza mtamba, akanitilia mkononi Sh38,000, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikiishi mjini na, kwa maneno yake, ndimi niliyejua mambo ya kompyuta. Nilichojua mimi ni kupiga chapa habari kwenye kompyuta ya ofisi. Lakini nani atamwambia babake kwamba hajui?

Nilichagua moja nyembamba, ya rangi ya fedha, iliyong'aa kama sahani ya harusi. Muuzaji alinieleza kwamba ni "Core i7", nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Stakabadhi iliandikwa kwa kalamu kwenye kijikaratasi: "Laptopu moja, imelipwa." Basi.

Wiki ya tatu ya muhula betri ilikuwa ikidumu dakika 20. Wiki ya tano mashine ilipowashwa ilitoa maandishi kwamba ni mali ya kampuni fulani ya ng'ambo, na kwamba imefungwa hadi wenyewe waifungue. Niliporudi dukani nilimkuta mtu mwingine. Aliniuliza, tena kwa upole, nina ithibati gani kwamba niliinunua pale.

Sikuwa nayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza kabla ya kutoa pesa. Nimewakalia mafundi wa mjini hapa hadi wakachoka nami. Msomaji, nataka nikupe niliyoyapata, ili mtamba wako asiende njia aliyokwenda wa baba.

Jambo la kwanza litamuudhi kijana wako: si lazima aende na kompyuta siku ya kwanza. Wiki za mwanzo huishia katika kujisajili, kupanga foleni, kutafuta madarasa na kuonyeshwa maktaba. Isitoshe, wapo wanaobadilisha kozi mapema katika mwaka wa kwanza. Aliyeingia akidhani ni mwalimu anaweza kujikuta katika takwimu, na kompyuta inayomtosha mmoja huenda isimtoshe mwingine. Kazi za mwanzo zinaweza kufanywa katika maabara ya kompyuta ya chuo au kwa simu, na nyingine kwa mkono.

Tena vyuo vyetu haviko mbali na maduka. Chuo Kikuu cha Moi kiko Kesses, kama kilomita 35 kutoka Eldoret, na matatu zinazopinda Cheptiret zinakufikisha. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa chini ya Moi hadi kilipopata hati yake mwaka 2013, kiko Chepkoilel, karibu zaidi na mji. Kijana anaweza kuja Uganda Road au Oloo Street Jumamosi yoyote ya Novemba, akiwa tayari ameuliza wanafunzi wa mwaka wa tatu ni kitu gani hasa kinatumika katika kozi yake. Wakati huo na wewe utakuwa umevuna.

Tufanye hesabu ya kawaida. Tuseme gunia la kilo 90 linauzwa Sh3,000. Kompyuta ya Sh30,000 ni magunia 10. Ukiyauza baada ya kuvuna, mtamba anabaki. Ukimuuza mtamba Agosti kwa sababu una haraka, mnunuzi anaijua haraka yako, naye hukulipa kulingana nayo.

Huenda ukasema utangoja mkopo wa HELB. Bodi hiyo iliyoundwa mwaka 1995 imewasomesha watoto wengi wa wakulima, na sehemu ya mkopo ni ya kujikimu. Lakini fedha hizo mara nyingi huingia baada ya mwanafunzi kuripoti. Zikiingia zina kazi ya chakula na kodi ya chumba, na ni deni la kulipwa. Nimewaona vijana walionunua kompyuta kwa fedha za kwanza za mkopo kisha wakala chai na mandazi hadi muhula ukaisha.

Kwa hivyo Agosti mpelekee vitu ambavyo haviwezi kungoja. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Kesses ni baridi vilevile. Blanketi nzito ni muhimu kuliko kompyuta. Gamboti usizicheke, mvua ya Agosti haimjali msomi. Sufuria mbili, jiko dogo la gesi ikiwa atakodi chumba nje, vyeti halisi na nakala zake, picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Mursik mama atafunga mwenyewe, hiyo haihitaji makala.

Sasa tuje kwenye kompyuta yenyewe. Walimu wa Kiswahili wanataka tuiite kipakatalishi, nami sina ugomvi nao, ila ukiingia duka la Uganda Road ukaulizia kipakatalishi unaweza kuambiwa hawauzi.

Kuna kinaya kidogo hapa. Wengi wa vijana waliofanya KCSE mwaka 2024 waliingia darasa la kwanza mwaka 2013, mwaka uleule ambao wanasiasa waliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016 vilikuwa tableti, na hawa walikuwa wameshapita. Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi ya kuvitengeneza. Naam, chuo hichohicho ambacho baadhi yao waliingia wakijitafutia kompyuta wenyewe.

Kompyuta nyingi ambazo mkulima au mwalimu anaweza kumudu ni zile ziitwazo "ex-UK". Hiyo ni mitumba, hata kama si zote zimetoka Uingereza. Makampuni ya ng'ambo hununua au kukodi mashine kwa ajili ya wafanyakazi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huzitoa zote kwa mkupuo na kuchukua mpya. Zile za zamani husafishwa na kusafirishwa kuja kwetu. Usizidharau. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad ziliundwa kwa kazi za ofisini, nazo huvumilia kuliko laptopu mpya ya bei hiyohiyo ambayo ganda lake ni plastiki laini na moyo wake ni mzito kama trekta lililokwama.

Ukishajua kuchagua koti la mtumba, unajua nusu ya kazi. Hulitazami koti kwa rangi tu. Unaligeuza ndani nje, unavuta mshono, unafungua zipu, unatia mkono mfukoni. Na kompyuta vilevile.

Kwanza tazama akili ya mashine, ile wanayoiita prosesa. Mimi nilidanganywa na neno "i7". Ukweli wa mambo ni kwamba i7 ya zamani inaweza kushindwa na i5 ya baadaye. Tazama nambari inayofuata. Ukiona i5-6300U, hicho ni kizazi cha 6. Ukiona i5-8350U, ni kizazi cha 8. Nambari ikianza na 10, 11 au 12, kama i5-1135G7, basi ni kizazi cha 10, cha 11 au cha 12.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache. Kwa zile za AMD, tafuta Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea, kisha uhakikishe kwamba imo katika orodha ya Microsoft. Mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zingali madukani, tena kwa bei ya kuvutia. Muuzaji atakuonyesha kwamba ametia Windows 11 na inafanya kazi. Ni kweli inaweza kufanya kazi, lakini Microsoft yenyewe haitoi hakikisho kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata marekebisho ya usalama. Ukiwa na Sh15,000 pekee na huna njia nyingine, inunue, kisha fundi akutilie Linux, mfumo wa bure usioibagua mashine kwa umri wake. Lakini usiuziwe kizazi cha 6 kwa bei ya kizazi cha 8.

Pili, uliza kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani ramu. GB 8 ndicho kiasi cha chini ambacho ningemshauri mtu leo. Uliza pia kama inaweza kuongezwa, maana baadhi ya laptopu nyembamba ramu yake imechomelewa ndani na haitolewi. Tatu, hifadhi iwe ya SSD, si diski ya zamani inayozunguka. Ukubwa wa GB 256 unamtosha mwanafunzi wa kawaida. Mashine ya wastani yenye SSD huwaka upesi na haiogopi sana kutikiswa kwenye matatu.

Je, kozi yake ni ipi? Wa ualimu, sheria, biashara na uuguzi husoma, huandika na hutafuta mambo mtandaoni. Hiyo niliyoieleza inawatosha. Wa uhandisi na wa kompyuta watahitaji mashine yenye nguvu zaidi, ramu ya GB 16 na pengine kadi ya picha, kwa ajili ya programu za kuchora kama AutoCAD. Lakini mwaka wa kwanza wa uhandisi kwa kiasi kikubwa ni hesabu na fizikia. Anayenunua mashine ya Sh90,000 mwezi wa kwanza anainunulia kazi ambayo huenda ikamjia mwaka wa pili. Na programu zenyewe zisikutishe: AutoCAD hutolewa bure kwa wanafunzi wanaothibitisha kwamba wako chuoni, na LibreOffice, inayofanya kazi za uandishi na hesabu za ofisi, ni bure kwa kila mtu.

Chromebook nazo zimejaa sokoni kwa bei ya chini. Kabla hujamlipa mtu, tafuta tarehe ambayo Google itaacha kuihudumia modeli hiyo. Nyingine zilishapitwa.

Haya, uko dukani. Fika asubuhi, si saa kumi na mbili jioni wakati mwenye duka anafunga nawe unakimbilia matatu. Ukiwa na fundi unayemwamini, mlipe nauli na chai aje nawe. Omba mashine iwashwe bila chaja, na ikae hivyo nusu saa mkizungumza. Muuzaji akianza kukuharakisha, hapo ameshakueleza habari ya betri.

Upo pia mtihani wa haki zaidi. Ndani ya Windows kuna mahali pa kuandika amri. Andika powercfg /batteryreport na mashine itatengeneza ripoti. Humo utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa ilianza na 50,000 na leo ni 25,000, nusu ya betri imekufa. Katika chumba cha kukodi ambamo tokeni za stima huisha usiku wa kuamkia mtihani, hiyo si habari ndogo. Si lazima ukatae kuinunua, bali pata bei ya betri nyingine na uipunguze katika bei ya mashine.

Gusa kila herufi ya kibodi. Fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Weka kioo cheupe utafute madoa. Jaribu kamera, spika, na kila tundu kwa flashi diski yako. Unganisha mtandao kwa simu yako. Tazama chaja pia, maana chaja ya kubahatisha huua mashine nzuri.

Halafu ufanye lile ambalo mimi sikulifanya. Mwambie muuzaji airudishe Windows upya mbele yako, intaneti ikiwa imeunganishwa. Itachukua muda; nunua soda. Mashine iliyo huru itakukaribisha kama mgeni na kukuuliza jina lako. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kutaka neno la siri la kazini, inuka uende zako, hata ukiambiwa kuna kijana anayeweza kuifungua. Vilevile, inapowaka, bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, hiyo mashine ina mwenyewe kwingine. Humo ndani pia, kwa kawaida, utaona nambari ya mashine. Ilinganishe na ile iliyobandikwa chini ya ganda.

Nambari hiyo iandikwe kwenye stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi iwe na jina la duka, tarehe, aina ya mashine, nambari yake, bei, na muda wa dhamana kwa maandishi. Lipa kwa M-Pesa kwenye nambari ya duka, si kwa simu ya mtu binafsi, ili alama ibaki.

Msomaji, karatasi hiyo ina nguvu kuliko unavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, pamoja na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, haimwachi mnunuzi mikono mitupu anapouziwa kitu kisichofaa kazi aliyokinunulia. Na kwa sheria ya mwaka 2016 tulipata Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka kesi imalizike katika siku 60. Mimi nilikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi.

Kuhusu "lipa mdogo mdogo", sitakuambia usiguse. Wapo waliofaidika. Chukua tu kalamu, zidisha malipo ya kila wiki kwa idadi ya wiki, ongeza malipo ya kwanza, kisha ulinganishe na bei ya taslimu. Uliza pia kinachotokea ukikosa wiki mbili. Baadhi ya vifaa huzimwa kutoka mbali, na mwanafunzi aliyezimiwa kompyuta wiki ya mtihani hana wa kumlilia.

Nawe kijana unayesoma haya nyuma ya mgongo wa babako: laptopu haikai kitandani mlango ukiwa wazi "dakika moja tu". Ikiibiwa, piga ripoti kituoni upewe nambari ya OB, na hapo tena utaulizwa nambari ya mashine. Kazi zako ziweke sehemu mbili, kwenye mashine na mtandaoni au kwenye flashi. Kila mwaka kuna mtu anayepoteza mradi wake wote kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai.

Ndugu yangu alimaliza muhula ule wa kwanza akitumia maabara ya chuo. Alikuwa akidamka mapema kuwahi nafasi, na kazi fupi akiziandika kwa simu. Hakunilaumu hata siku moja, jambo lililoniuma kuliko lawama. Baba naye aliniuliza mara moja tu kama ile mashine imepona, nilipomjibu hapana akasema, "Sawa," akatoka kwenda kutazama ng'ombe.

Januari, baada ya kuuza mahindi, alinipigia simu. Mara hii tulikwenda watatu: baba, ndugu yangu na fundi. Tulikaa katika duka lile saa mbili unusu, hadi mwenye duka akatuletea viti. Tuliondoka na ThinkPad nyeusi ya Sh24,000, nzito, yenye mkwaruzo kwenye kifuniko, na stakabadhi ambayo baba aliikunja akaitia katika mfuko wa koti, mahali anapoweka kitambulisho.

Ndugu yangu alihitimu nayo. Sasa anafundisha, na mashine ileile ndiyo anayotayarishia masomo, betri ya pili, kona moja ikiwa imefungwa kwa selotepu. Stakabadhi baba angali nayo.